Tahadhari: eksteno (diski za nje za kuchomeka) za TB 16 kwa bei ya kutupa, na uongo wa "laptop yako ya zamani"

Wakuu, nimepigwa. Naandika leo kwa sababu ukurasa ulioniuzia bado uko hewani, na jana usiku umetangaza mzigo mpya wa vitu vilevile.

Laptop yangu ni ThinkPad T420, toleo la 2011, diski ya ndani GB 320 na imejaa pomoni. Nilikuwa natafuta eksteno ya kuhamishia video za harusi ya dada yangu na picha za miaka saba. Kule Instagram nikakutana na TB 16 (yaani GB 16,000) kwa shilingi 85,000, kidude cha bati cha ukubwa wa kiberiti, anwani Kariakoo, "waranti mwaka mzima". Tamaa ikanifumba macho. Eksteno za mfukoni zenye sahani zinazozunguka zinaishia TB 5 au 6. SSD (diski isiyo na sahani) ya mfukoni ya TB 8, kama ile Samsung waliyotoa 2023, ilitoka kwa mamia ya dola. Halafu mimi nauziwa mara mbili ya hiyo kwa bei ya spika ya bluetooth!

Bodaboda kaleta, nikalipa, nikapewa kikaratasi cha mkono. Risiti ya EFD "inafuata, bosi". Mpaka leo inafuata.

Nilipochomeka, kompyuta ikaonyesha karibu TB 15. Nikakopi GB 210 usiku kucha. Hakuna kosa hata moja lililotokea, mstari wa kijani ulifika mwisho kwa amani. Asubuhi nikafungua picha mbili tatu za juu, zikafunguka, basi nikafuta kila kitu kwenye laptop nipate nafasi. Wiki moja baadaye dada anataka video ya kuingia ukumbini: haifunguki. Iliyofuata haifunguki. Majina ya faili yote yapo, ukubwa umeandikwa, ndani hamna kitu.

Nikapasua kava. Ndani kuna memori kadi ya GB 64 imegandishwa kwa gundi, na nati mbili za chuma za kuongeza uzito. Ujanja wenyewe uko kwenye chipu: imechezewa ili iidanganye kompyuta kwamba ina nafasi ya TB 16. Orodha ya majina huandikwa mwanzoni mwa kadi, ndiyo maana majina yanabaki. Nafasi halisi ikiisha, kila unachoongeza kinatupwa au kinaandikwa juu ya cha zamani, na kompyuta inajibiwa "nimepokea".

Sasa sikilizeni jibu la muuzaji: "Bosi, laptop yako ni ya zamani, haiwezi kusoma vifaa vya kisasa. Nunua laptop mpya utaona." Nusura nimwamini. Nikaenda kuchomeka kwenye laptop mpya ya binamu yangu, video zilezile zikagoma vilevile. Nilipomtumia picha ya ile kadi, akaniblok.

Wenye laptop kuukuu ndio tunaodanganywa kirahisi hivi, kwa hiyo tuelewane ukongwe unaathiri nini. Eksteno ya USB 3.0 inafanya kazi kwenye poti ya USB 2.0, ila taratibu, megabaiti 30 na kitu kwa sekunde. Poti ya USB 2.0 hutoa umeme wa miliampia 500 tu, ya 3.0 hutoa 900, kwa hiyo diski ya sahani inaweza kulia tik-tik na kukataa kuwaka. Hapo jaribu poti nyingine, au waya wenye vichwa viwili vya USB, uvute umeme wa poti mbili. Anayetumia bado Windows XP asivuke TB 2. Lakini hakuna laptop, hata iwe ya zama za mawe, inayokubali kukopi faili zima kisha ikalila lenyewe. Na pia msimwonee muuzaji bure: TB 1 halali kwenye Windows inasomeka kama GB 931. Hiyo ni tofauti ya kuhesabu tu kati ya kiwanda na Windows, si wizi.

Ukinunua yoyote, hata dukani kwa mtu unayemjua, ijaribu kabla hujafuta kitu. Programu ya H2testw ni ya bure kwa Windows. Wa Linux na Mac wana F3. Zinajaza diski yote, kisha zinasoma upya kuangalia kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kwa TB 1 kwenye poti ya zamani ni kama saa 9 kuandika na karibu nyingine hizo kusoma, ndiyo, inachosha, iache ilale ikifanya kazi. Yangu ilifeli baada ya GB 58. Kuna na ujanja mwingine, diski zilizochoka za laptop kuvishwa kava mpya. Programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha diski imeshawaka kwa jumla ya saa ngapi. "Mpya" yenye saa 20,000 mrudishie mwenyewe.

Kwa ambaye keshapigwa na keshafuta: usiandike kitu kingine kwenye laptop. Mimi PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, imenirudishia sehemu kubwa ya picha, bila majina yake, kwa kuwa diski yangu ni ya sahani na sikuwa nimeijaza tena. Video ya ukumbini haikurudi. Mpiga video naye alishafuta yake.

Kava, kadi na nati ninavyo, pamoja na mazungumzo yetu yote na muamala wa simu. Jumatatu navipeleka Tume ya Ushindani, wao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Kama na wewe uliuziwa kidude cha bati cheusi chenye mstari wa bluu ubavuni, tunza kila kitu hata kile kikaratasi, uniandikie inboksi twende pamoja.