Dunia ndani ya kiboksi, na jimbi wa bibi

Jamani hii kitu nshakaa nayo wiki tatu ndo naandika, maana ningeandika siku ileile ningewapa nyota tano bila kufikiri.

Ipo karakana ndogo kichochoroni, Mji Mkongwe upande wa Kiponda, wanatengeneza dayorama, yaani vile viboksi ambavyo ndani kumejengwa dunia nzima, miti, nyumba, watu urefu wa sentimita 2. Jina silitaji kwa sababu nina lalamiko na dada mwenye karakana ni mtu mzuri.

Vya kununua vipo, elfu 90 kwenda juu, ila vingi ni milango ya nakshi, jahazi, jua linazama, mambo ya wageni. Isipokuwa kimoja cha msitu wa Jozani, hicho nlikigandia. Kima punju kakaa kwenye tawi na kipande cha mkaa mkononi, na kweli wale kima wanakula mkaa, unawapunguzia sumu ya majani kama ya mkungu na mwembe, halafu nkasogea nkahesabu vidole, vinne! Kima punju hana dole gumba la maana, ana kinundu tu. Aliyetengeneza kile kiboksi kaenda msituni akatazama.

Mi lakini nkalipa elfu 30 nkae mezani nitengeneze changu, mimi na mtoto wa dada yangu wa miaka 7. Tukachagua uwanja wa kwa bibi kule Mtambwe, Pemba, wakati wa karafuu. Majani ya miti ni sponji ya kuoshea vyombo inasagwa kwenye blenda, inatiwa rangi ya kijani, unapaka gundi nyeupe kwenye vijiti unanyunyizia. Karafuu nlitaka kuweka za kweli, dada wa karakana akacheka, akachukua moja akaisimamisha pembeni ya bibi, ikamfika kifuani. Kipimo chao ni 1 kwa 87, yaani kila kitu kinapunguzwa mara 87, kile cha treni za kuchezea, na kila kitu kinafuata hapo. Basi karafuu zikawa majani ya chai, jamvi likawa kipande cha gunia, na wallahi ukiinama ukatazama kwa jicho moja harufu ya karafuu unaisikia.

Ugomvi ukaja kwa jimbi. Nlimfinyanga mwenyewe, akatoka mkubwa kuliko bibi. Dada akasema, "Kaka, huyo mpunguze." Mtoto akamfunika kwa mkono, "Mjomba usimkate, si ndo yule uliniambia alikuwa anakufukuza mpaka chooni?" Nkanyamaza. Kwa miaka yangu 5 jimbi wa bibi alikuwa ukubwa uleule hasa. Dada hakubisha tena, akamsogeza mbele kabisa, anasema kitu kikubwa kikikaa mbele jicho linadhani kipo karibu. Na kweli, sasa ukichungulia kwenye boksi unakutana na jimbi kwanza, bibi yuko mbali kule anageuza karafuu hana habari.

Sasa lalamiko. Tuliweka kidimbwi cha maji ya mvua kwa resini, ile ya majimaji inayoganda ikawa kama kioo, na dada akachanganya zile chupa mbili, ya resini na ya kigandishi chake, kwa macho tu, resini sio chumvi ya mchuzi, ukikosea kipimo haikauki. Siku ya pili inanata, siku ya nne inzi wawili washanasa, halafu na unyevu huu wa masika juu pakafanya ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Nkapiga simu naambiwa itakauka tu inshallah. Mpaka leo haijakauka.

Ukienda nenda asubuhi, joto likizidi wanawasha feni ya juu na sponji yote inahamia kwa jirani. Mzani mdogo wa jikoni chukua wa kwako. Kioo cha kufunikia hawatoi, mi nmekata kwa fundi wa fremu elfu 8, ila bado sijakifunga, nlitaka kwanza niwatoe wale inzi, mtoto kakataa katakata, anasema kwa kipimo kile inzi mmoja ni sawa na mbuzi kwa hiyo wale ni mbuzi wa bibi wamekwenda kunywa maji.