Jenereta ndogo ya Van de Graaff: uzoefu wangu baada ya muhula mzima

Kwa miaka mingi nimefundisha uga wa umeme, yaani eneo linalozunguka chaji ambamo chaji nyingine husukumwa au kuvutwa, kwa chaki. Nachora duara, naweka alama ya kujumlisha katikati, natoa mishale kila upande, na wanafunzi wananakili. Kwenye mtihani wanachora mishale ileile, lakini ukiwauliza mishale hiyo ni kitu gani hasa, wanabaki kukutazama. Ndiyo maana niliinunua mashine hii.

Ni tufe la alumini lenye kipenyo cha sentimita 20, limekaa juu ya nguzo ya plastiki. Ndani ya nguzo kuna mkanda wa mpira unaozungushwa na mota iliyo kwenye kitako. Mkanda unapandisha chaji kutoka chini na kuiacha kwenye tufe, nayo inatawanyika juu ya uso wa nje. Mwanafizikia Mmarekani Robert Van de Graaff alibuni mtindo huu mwaka 1929. Unapewa pia tufe dogo lenye mpini, la kutolea cheche. Kuiunganisha hakukunichukua hata nusu saa.

Siku ya kwanza ilinivunja moyo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mota inaunguruma, mkanda unazunguka, cheche hakuna. Nikajua nimeuziwa kimeo. Kumbe tatizo ni unyevu: utando mwembamba wa maji juu ya plastiki na mpira unatosha kuivujisha chaji yote kabla haijajikusanya. Nikafuta nguzo na mkanda kwa kitambaa chenye spiriti, nikavipuliza kwa kikausha nywele dakika tano, nikawasha tena. Cheche ya kwanza ililia kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Kijikaratasi cha maelekezo hakisemi neno hata moja kuhusu unyevu, na hilo ni kosa kubwa la mtengenezaji.

Kosa lao la pili ni zito zaidi. Boksi linadai volti laki nne. Hewa ya kawaida huanza kupitisha umeme uga ukifikia takriban volti milioni 3 kwa mita. Tufe lenye nusu kipenyo cha mita 0.1 haliwezi basi kuvuka laki tatu (milioni 3 mara 0.1), hata liwe safi namna gani. Cheche yangu ndefu kuliko zote ilikuwa sentimita 6, na kwa hesabu ya harakaharaka hiyo haifiki laki mbili. Mashine inafanya kazi vizuri tu. Sioni kwa nini wawadanganye watu, tena watu wa fizikia.

Sasa niseme kilichonifanya niipende. Nilibandika nyuzi nyembamba za pamba kuzunguka tufe zima, nikazima taa za juu, nikawasha. Nyuzi zilizokuwa zimelala zikainuka taratibu, moja baada ya nyingine, hadi zote zikasimama wima juu ya uso, kila moja ikielekea nje kutoka katikati. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti, "Mwalimu, ule mchoro wa ubaoni!" Nikaleta mkono wangu karibu, nyuzi za upande ule zikapinda kuufuata. Kwenye ubao sikuwahi kuweza kuonyesha kwamba uga hubadilika kitu kingine kikiingia ndani yake.

Jaribio la pili lilikula vipindi viwili na sijutii. Nilining'iniza kidonge cha karatasi ya alumini kwa uzi mrefu wa nailoni. Kwanza kilivutwa, kwa sababu upande wake wa karibu ulipata chaji kinyume. Kilipogusa tu, kikagawiwa chaji ya aina moja na tufe, kikarushwa mbali. Tukapima kinavyosukumwa kwenye umbali wa sentimita 30 na kisha 60. Mwanafizikia Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alionyesha mwaka 1785 kwamba umbali kati ya chaji mbili ukizidishwa mara mbili, kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) hubaki robo. Kundi moja lilipata zaidi ya robo, wakaanza kuilaumu mashine. Nikawauliza: mmepima kuanzia wapi? Walikuwa wamepima kutoka kwenye ngozi ya tufe. Umbali unahesabiwa kutoka katikati, kana kwamba chaji yote imerundikwa pale. Wakarudia, kidonge kikasogea sentimita 8, kisha 2 na kidogo.

Wengi huogopa zile volti. Ukigawa kulombi moja (kipimo cha chaji) mafungu milioni moja, tufe zima linabeba mafungu mawili au matatu tu, kwa hiyo cheche inashtua na kuuma kidogo, basi. Hata hivyo mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asikaribie kabisa, na simu ziwekwe mbali. Anayetaka nywele zisimame apande kigoda cha plastiki na kushika tufe kabla ya kuwasha, wala asiliachie mpaka mashine izimwe.

Mkanda umeanza kupata nyufa ndogo pembeni baada ya miezi mitatu, kwa hiyo ukinunua, uliza mapema kama wanauza wa akiba. Kwa mwalimu wa fizikia naipendekeza bila kusita. Kwa anayejisomea peke yake, elektroskopu (kifaa cha kuonyesha kama kitu kina chaji) ya chupa na majani mawili ya alumini itamtosha kuanzia.