Pauni 18 kuwafuata madruidi jijini London: tathmini ya matembezi ya kuongozwa

Jumamosi moja ya mwezi Septemba nilijiunga na matembezi ya nusu siku jijini London yanayofuatilia jinsi madruidi, yaani makuhani na waamuzi wa Wakelti wa kale, walivyosimuliwa na kuchorwa kwa takriban miaka 2,000. Tulikuwa watu 14 na mwongozaji mmoja, na tulipita vituo vitatu: British Museum, baa ya zamani iliyoko Poland Street, na kilima cha Primrose Hill.

Kituo cha kwanza peke yake kinatosha kuhalalisha malipo. Katika chumba namba 50 amelazwa mtu wa kale aliyefukuliwa mwaka 1984 na wachimba mboji katika kinamasi cha Lindow, Cheshire, na mwongozaji alituacha tumtazame kimya kwa dakika kadhaa kabla ya kufungua kinywa. Ngozi yake imekuwa ya kahawia iliyoiva kama ngozi ya kiatu cha zamani, uso umebonyezwa upande na uzito wa mboji, lakini ndevu bado zinaonekana. Alipigwa kichwani, na shingoni alikutwa na kamba nyembamba ya mshipa wa mnyama. Tumboni mwake wataalamu walikuta nafaka iliyoungua, pamoja na chembe nne za chavua ya mistletoe, mmea nyemelezi unaoota juu ya miti mingine, ambao mwandishi Mrumi Pliny aliuhusisha na madruidi. Kwa chembe hizo nne wapo waliojenga kisa kizima cha kafara ya kidruidi, na wapo waliowajibu kwamba chavua huweza kumezwa na mtu yeyote pamoja na chakula au maji. Mwongozaji alieleza hoja za pande zote mbili kwa uadilifu, na hakutulazimisha tuchague.

Hapo hapo alitoa kurasa za picha alizozichapisha na kuzifunika kwa plastiki, na ndipo nilipoona ubora wa kazi yake. Kila picha aliiambatanisha na swali moja: nani anasema, na alikuwa na haja gani? Julius Caesar, jemadari Mrumi aliyeandika katika karne ya kwanza K.K. akiwa vitani kuiteka Gauli, ambayo leo kwa sehemu kubwa ni Ufaransa, anatueleza kwamba mwanafunzi wa madruidi aliweza kukaa hadi miaka 20 akihifadhi beti kichwani, kwa kuwa mafundisho yao hayakuruhusiwa kuandikwa. Mwandishi huyo huyo anaeleza habari ya masanamu makubwa ya fito yaliyojazwa watu hai na kuchomwa moto. Mchoro wa Kiingereza wa mwaka 1676 uliligeuza fungu hilo la maneno kuwa jitu lenye kichwa cha binadamu, ambalo mikono, miguu na kifua chake ni vizimba vilivyosheheni watu, na tangu hapo umenakiliwa mara nyingi mno. Aliyeuchora aliishi zaidi ya miaka 1,600 baada ya Caesar. Sisi tuliolelewa na masimulizi ya wageni kuhusu waganga wa kwetu tunaujua vizuri uzito wa swali lile la mwongozaji, na nilimshukuru kwa kulirudia bila kuchoka.

Pliny naye alitendewa haki. Kanzu nyeupe, mundu wa dhahabu wa kukatia mistletoe, siku ya sita ya mwezi na mafahali wawili weupe, vyote vimetoka kwake, katika maandishi ya miaka ya 70 B.K. Mwongozaji alitukumbusha kwamba dhahabu ni laini mno kwa kukata tawi. Hata hivyo wachoraji wa karne ya 19 waling'ang'ania mundu huo.

Poland Street ndipo huduma ilipolegea. Chama cha Ancient Order of Druids kilianzishwa katika baa hiyo ya zamani mwaka 1781, na habari hiyo ilistahili nafasi ya kutosha, lakini tulisimamishwa kwenye ukingo wa barabara wenye kelele, nami nilisikia nusu tu ya maelezo. Ingekuwa heri yatolewe kabla ya kufika. Suala la Stonehenge, duara la mawe ya kale kusini mwa Uingereza ambalo wengi hulihusisha na madruidi, nalo lilipitishwa haraka kupita kiasi: mawe yale makubwa yalisimamishwa kama mwaka 2500 K.K., muda mrefu kabla ya maandishi yoyote kuwataja madruidi, na ni watafiti wa karne ya 17 na ya 18, John Aubrey na William Stukeley, waliowapachika pale.

Primrose Hill ilirudisha uhai. Hapo ndipo Iolo Morganwg, mwashi wa mawe kutoka Wales, alipofanya mkutano wake wa kwanza wa washairi mnamo Juni 1792, akidai kwamba anaendeleza mila ya madruidi, ilhali sehemu kubwa ya mila hiyo aliitunga mwenyewe. Mwongozaji alipiga goti kwenye nyasi, akatoa kokoto mfukoni na kuzipanga duara, kama inavyosimuliwa kwamba Iolo alifanya katika bustani ya hoteli mjini Carmarthen mwaka 1819. Wales inaipenda hadi leo sherehe ya washairi iliyotokana na mikutano hiyo ya Iolo, na mwongozaji aliizungumzia kwa heshima.

Nauli ya treni hadi kituo cha Chalk Farm haimo katika malipo, na mlima una upepo, chukueni koti. Watoto wadogo, kwa maoni yangu, wasipelekwe chumba namba 50 bila kuandaliwa.