Mifuko ya kuhifadhia majarida ya zamani: nimeitumia Mtwara msimu mzima wa mvua

Nakusanya majarida ya zamani yenye majalada ya kuchorwa. Mengi ni Sani, jarida la katuni la Tanzania, hasa ya enzi za mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana. Ninayo pia machache ya Joe, jarida la Nairobi lililoanzishwa 1973 na Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst. Nayapenda kwa sababu mchoraji wa jalada ilimbidi amvute mpita njia kwa picha moja tu, na nyingine bado zinavuta.

Adui wangu ni hewa ya pwani. Naishi Shangani, hapa Mtwara, unyevu na chumvi ya bahari vinaingia mpaka kabatini. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, ukungu unaota kwenye karatasi na pini za katikati zinapata kutu.

Nilinunua mifuko ya polipropilini (aina ya plastiki), pakiti ya 100, na kadibodi zisizo na asidi za kuweka nyuma ya kila nakala. Muuzaji yuko Dar. Mzigo ulikuja na basi, nikaupokea stendi ya Mkanaledi, pembe zote zimenyooka.

Nimeridhika sana. Plastiki ni angavu, rangi za jalada zinaonekana zilivyo, na kubwa zaidi, haina harufu. Hapo pa kuwa makini. Mifuko laini ya PVC, plastiki ya aina nyingine, inanuka ukiifungua, na kwenye joto hutoa kemikali inayonata kwenye wino. Nimeona nakala ya mwenzangu wa Mikindani: alipoivuta, sehemu ya mchoro ilibaki kwenye plastiki. Iliniuma kama yangu.

Kasoro zipo. Gundi ya kufungia iko kwenye ulimi wa mfuko, kwa hiyo ukitoa jarida bila kuukunja nyuma, inanasa jalada. Mimi naikata kabisa. Saizi ni moja tu, na nakala zangu pana haziingii bila kulazimisha, nazo silazimishi.

Tena usitegemee mfuko urudishe weupe. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, lignini yake, kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, inabaki humo, na ndiyo inayoigeuza kahawia na kuifanya ikatike. Mfuko unazuia vumbi, jasho la vidole na wadudu, basi. Kabla ya kuingiza nakala, ianike kivulini penye upepo siku isiyo na mvua. Ukifungia unyevu ndani umeupa ukungu nyumba. Pini zenye kutu nazitoa taratibu, nashona kwa uzi wa pamba kwenye matundu yaleyale.

Msimu huu nimefungua sanduku mvua zilipokatika: hakuna doa jipya hata moja kwenye zilizokuwa ndani ya mifuko. Nampa muuzaji nyota nne kati ya tano. Akileta saizi pana naagiza tena siku hiyohiyo, maana nakala za Joe bado nimezifunga kwa karatasi tu.