Betri ya gari la rimoti ikishuka chini kabisa, nunua nini kwanza?

Jioni moja ya Agosti, upepo wa Dodoma ukitupiga vumbi jekundu usoni, mpwa wangu alitumbukiza gari lake la rimoti kwenye begi bila kuchomoa betri. Swichi alizima, sikatai. Ila kile kidude kinachoendesha mota, kwenye magari mengi, huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo hata swichi ikiwa imezimwa, maadamu plagi imechomekwa. Wiki mbili baadaye betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli mbili, ya volti 7.4, ikasoma 4.1. Chaja ikaikataa. Tukaenda sokoni, muuzaji akaigeuza mara moja na kusema, "Kaka, nunua mpya tu."

Tukanunua. Mpya nayo tukaiua ndani ya miezi miwili, kwa kosa lilelile. Ndiyo maana katika orodha hii betri mpya haikai juu.

Kwanza pima ulichonacho. Seli ya lipo iliyojaa ina volti 4.2, ya kuhifadhi huachwa kwenye 3.8 hivi, na haitakiwi kushuka chini ya 3.0. Pima seli moja moja kwenye ile plagi ndogo nyeupe ya balansi, yenye waya za kila seli, usipime jumla peke yake. Betri ya seli mbili inayosoma 6.6 inaweza kuwa na seli mbili za 3.3, na hapo uko salama. Au moja ina 3.8 na mwenzake 2.8, na hapo una mgonjwa ndani ya nyumba. Ikiwa seli iko kati ya 2.5 na 3.0, na imeshuka jana au juzi tu, inaweza kurudi kwa chaji ndogo sana. Ikiwa iko chini ya 2 na imekaa hivyo kwa siku nyingi, iache. Shaba iliyo ndani ya seli huwa imeanza kuyeyuka, na ukiichaji shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipotakiwa, seli ikapiga shoti kwa ndani. Iliyovimba usiibembeleze hata kidogo, hata ikisoma volti ngapi.

Namba moja: kengele ya volti. Ni kidude kidogo kuliko kiberiti, unakichomeka kwenye plagi ya balansi, kinakuonyesha kila seli kwa zamu na kulia seli yoyote inapofika kiwango ulichopanga. Bei yake haifiki hata robo ya bei ya betri. Mimi naipanga 3.5, kwa sababu gari likivuta kwenye mchanga volti huanguka ghafla, na ukingoja 3.0 utakuwa umechelewa. Tafuta yenye sauti kali. Kwenye uwanja wa wazi kule mtaa wa Kisasa upepo ukivuma, ile ya sauti ndogo hutaisikia gari likiwa mita 30 mbele. Angalizo: nayo inakula umeme. Ukiisahau kwenye betri usiku kucha, itaimaliza betri uliyoinunua kuilinda. Limewahi kumtokea mtu ninayemjua vizuri sana, na anaandika makala haya.

Magari mengi yana ulinzi wake wa kukata mota volti zikishuka. Usiutegemee kabla hujahakikisha umewekwa upande wa lipo. Ukiwa upande wa betri za nikeli, utakuacha uendeshe mpaka betri ife.

Namba mbili: chaja ya balansi, yaani inayosawazisha volti za seli, yenye skrini. Chaja ndogo zinazokuja na gari, za taa nyekundu na kijani, hazikuambii chochote. Yenye skrini inakuonyesha volti za kila seli, inakuruhusu kuchagua ampea, na ina hali ya kuhifadhi inayoipeleka betri kwenye 3.8. Hii hali ya kuhifadhi ndiyo ninayoilipia. Kuanzia Desemba mvua zikianza, gari linaweza kukaa kabatini wiki nyingi. Iwe inakubali pia umeme wa volti 12, ili Tanesco wakikata usimalizie chaji kwa kubahatisha. Kiwango cha kawaida cha kuchaji ni ampea sawa na ukubwa wa betri: ya 2200 mAh, yaani ampea-saa 2.2, ipe ampea 2.2. Mgonjwa wa 2.8 mpe 0.1 hivi, ukiwa umekaa hapo hapo, betri ikiwa juu ya kigae nje ya nyumba, mpaka seli zote zipite 3.0. Ikipata joto, acha. Ikijaa, ilaze usiku mzima. Asubuhi seli moja ikiwa imeshuka peke yake, imekwisha.

Kuna ujanja wa kuidanganya chaja iliyokataa lipo kwa kuichagulia hali ya nikeli. Mafundi wengi wanaujua. Hali hiyo haijui kusimama kwenye 4.2 na haibalansi seli, na wewe ukienda kupokea simu unaweza kurudi kwenye moto.

Namba tatu: lipo mpya. Sasa ndiyo nunua, lakini nenda na kengele yako mfukoni na uichomeke dukani. Kanuni za usafiri wa anga tangu 2016 zinataka betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mizigo ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30, kwa hiyo nyingi huanza maisha zikiwa na njaa. Zikikaa muda mrefu kwenye rafu ya Kariakoo, halafu kwenye rafu ya Dodoma, zinazidi kushuka. Seli chini ya 3.5, au zinazopishana kwa zaidi ya 0.05, rudisha kwa heshima. Chagua yenye ganda gumu kwa gari, na pima kisanduku cha betri na aina ya plagi kabla hujatoka nyumbani.

Namba nne: betri ya nikeli, NiMH, ya volti 7.2. Nzito, gari linakwenda polepole, na muda wa kucheza ni mfupi. Lakini kwa mtoto wa miaka kumi ningeipandisha hadi namba moja bila kujadili, kwa kuwa akiisahau haitageuka hatari ileile. Zile za LiFePO4, aina nyingine ya lithiamu, ndugu wa betri za sola, ni tulivu pia, ila seli yake ni ya volti 3.2 na kupata umbo linaloingia kwenye gari ni kazi.

Ya mwisho: lipo iliyotumika, "imeshtuliwa", yaani ilikufa ikafufuliwa kwa chaji. Inauzwa ikiwa imejaa, inasoma 8.4 safi kabisa. Volti za dakika ile hazikuambii imewahi kushuka hadi wapi. Siinunui hata kwa bei ya soda.

Ile ya kwanza ya mpwa wangu tuliimalizia nje, kwa balbu ya indiketa ya volti 12, mpaka ikazima kabisa, tukaziba ncha kwa utepe. Haikuingia kwenye shimo la taka la uani, kwa sababu Ijumaa mama huchoma taka.