Daraja la Victoria Falls: kuruka kulishindwa kuniogopesha, kutembea ndiko kulikonitoa jasho

Mimi ni mtu wa kushika ukuta nikishuka ngazi. Nikipanda lifti ya kioo nageukia mlango. Kwa hiyo wifi yangu aliponitangazia kwamba safari yetu ya Livingstone, Zambia, haitaishia kwenye kuangalia maporomoko ya Victoria na kupiga picha, nilimjibu aruke yeye, mimi nitashika mikoba. Mikoba ilishikwa na dada wa kaunta.

Tulikwenda Oktoba. Wenyeji wanayaita maporomoko yale Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, na sikio la Mswahili linaudaka huo moshi bila mkalimani. Ila kwa mwezi ule moshi wenyewe ulikuwa wa kibatari. Upande wa Zambia sehemu kubwa ilibaki mwamba mtupu. Anayetaka maji ya kutisha aende mwezi wa nne. Sisi tulifuata daraja.

Daraja lenyewe linaunganisha Zambia na Zimbabwe juu ya mto Zambezi, mita 128 kutoka majini. Pale kuna kuruka banji mita 111, yaani kujirusha chini ukiwa umefungwa kamba inayovutika, kuna bembea, kuna kuteleza kwenye waya, na kuna matembezi ya chini ya daraja ukiwa umefungwa mikanda. Uhamiaji wa Zambia walitupa kikaratasi cha kuingia darajani bila kugongewa muhuri wa kutoka nchini. Pasipoti beba hata hivyo.

Kaunta nilisema wazi kwamba nina wasiwasi, na si ule wa kuchekacheka. Wangu hubana pumzi, vidole vikafa ganzi, nikawa na hakika kwamba nakufa sasa hivi. Kijana aliyetuhudumia hakunicheka, na hilo nampa alama zote. Akanishauri nianze na matembezi. "Hayo ni mepesi, dada. Hata wazee wanayafanya."

Hapo ndipo niliponunua hofu kwa hela yangu mwenyewe.

Unavalishwa kofia ngumu na mikanda, unapewa ndoano mbili za kujifunga kwenye kebo. Kila kebo inapokutana na nguzo, unafungua ndoano moja, unaivusha, unaifunga, kisha ya pili. Yaani usalama wako unaushika kwa vidole vyako mwenyewe, na vidole vyenyewe vinatetemeka. Kiongozi wetu alikuwa mcheshi, anajua historia yake: vyuma vilitengenezwa Uingereza, vikaletwa, daraja likajengwa kutoka kingo zote mbili hadi pande zikakutana katikati, likafunguliwa mwaka 1905. Cecil Rhodes, tajiri na mkoloni wa Kiingereza, alitaka treni zipite karibu na maporomoko kiasi cha abiria kurushiwa manyunyu, lakini alifariki 1902 bila kuliona. Simulizi nzuri. Mimi nilikuwa nahesabu ndoano. Tulipofika katikati lori likapita juu yetu polepole, chuma chote kikatetemeka hadi kwenye meno. Kiongozi akasema ni kawaida. Nikakumbatia nguzo ya Waingereza kama mama mzazi.

Niligundua jambo pale. Hofu yangu inakula muda. Ukiipa dakika tano inashiba, ukiipa saa nzima inanenepa. Matembezi ni muda mtupu: hatua, ndoano, kuangalia chini, hatua. Neno "mepesi" linapima nguvu za mwili tu, halipimi kichwa.

Usiku ule sikulala. Nilifanya kosa la kusoma kwenye simu habari za tarehe 31 Desemba 2011, siku kamba ya banji ilipokatika pale pale darajani na mtalii kutoka Australia akaangukia Zambezi miguu ikiwa imefungwa. Aliogelea akafika ukingoni, akapona. Wifi aliniambia, "Si umeona? Alipona." Ndiyo faraja aliyokuwa nayo. Akaninyang'anya simu, akalala fofofo.

Asubuhi nikajiandikisha banji. Usiniulize ujasiri umetoka wapi. Nilitaka tu kitu kitakachoisha haraka.

Kwanza fomu: presha, mgongo, macho, ujauzito. Jibu kweli, si mahali pa kuficha. Kisha mzani, na kilo zako zinaandikwa mkononi kwa kalamu nzito mbele ya kadamnasi (wifi alisoma kwa sauti, Mungu anamwona). Tukasubiri karibu saa mbili juani, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Mtu mwenye wasiwasi akikalishwa foleni ya saa mbili anaruka mara mia kichwani. Waombe wakupangie mapema asubuhi. Jingine: ukighairi pale ukingoni hurudishiwi pesa, tuliambiwa kabla ya kulipa. Na video unailipia kando.

Vifundo vya miguu vinazungushiwa taulo na mikanda, na mwilini kuna mikanda mingine iliyounganishwa na kamba hiyo hiyo, ili mmoja ukileta shida mwingine ubaki. Niliomba wanieleze kila kifungo na kazi yake, wakaeleza bila kuchoka. Halafu unarukaruka hadi ukingoni kama mtoto kwenye mbio za magunia. Nikamwambia aliyekuwa nyuma yangu, "Tafadhali usinisukume." Akajibu kwamba kazi yake ni kunishikilia, kuruka ni kazi yangu. Akaniambia nitazame mbali, kwenye ukingo wa korongo, nitoe pumzi yote. Tano, nne, tatu. Sikusikia mbili.

Kuanguka kwenyewe ni kama sekunde nne. Tumbo linabaki darajani, upepo unajaa masikioni, na kichwa changu, ambacho hakijawahi kunyamaza tangu nizaliwe, kikanyamaza. Hakukuwa na nafasi ya kuogopa. Kamba ikavutika taratibu, bila ule mshtuko niliokuwa nautarajia, ikanirusha juu, nikacheka kwa sauti nisiyoitambua.

Kisha ikaja sehemu ambayo hakuna aliyeniambia. Ukimaliza kudunda unabaki unaning'inia kichwa chini, damu yote usoni, na unaapa kwamba miguu inachomoka kwenye mikanda. Haichomoki. Ila dakika zile chache kabla jamaa hajashushwa kwa kamba kuja kukugeuza wima zilikuwa ndefu kuliko foleni. Kunja vidole vya miguu kuelekea kwako, inasaidia.

Na unadhani wanakuvuta hadi wapi? Si barabarani. Wanakuvuta hadi kwenye njia ile ile ya chini ya daraja, na unarudi kwa miguu. Nilimwambia yule jamaa kama inawezekana anirushe tena, itakuwa rahisi.

Banji naipa nyota nne na nusu, nusu imeliwa na jua. Matembezi yana wahudumu wazuri, historia nzuri, na mwenye kichwa kama changu asiyafanye kwa kudhani anajizoeza. Wifi ameshaanza kuulizia tarehe za mwakani. Kuruka tutakwenda wote. Chini ya daraja atakwenda na kaka yake.