Nimefunga gesi asilia (CNG) kwenye Toyota IST yangu, huu mwezi wa saba tangu nifunge, haya ndo niliyoyaona

Wadau mnaoniuliza inbox kama kufunga gesi kunalipa, ngoja nijibu hapa mara moja. Agosti 2022 petroli Dar ilivyogonga 3,410 kwa lita mi nilipaki gari kabisa, nikawa mtu wa daladala Mbezi hadi Posta, IST inatoka Jumapili tu kwenda kanisani, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nasubiri bei mpya za mafuta za EWURA, wale wadhibiti wa nishati, kama matokeo ya fom foo. Mwaka jana nikasema liwalo na liwe, nikatoa milioni moja na laki nane, siku mbili gari ikatoka gereji ina mtungi kwenye buti na kiswichi chenye vitaa karibu na usukani. Inawaka na petroli kwanza, injini ikipata moto inahamia gesi yenyewe.

Hela inabaki kweli. Kwenda na kurudi kazini nilikuwa naunguza wese la kama elfu 12, sasa kilo ya gesi nalipa 1,550 na siku nzima haifiki elfu 5. Kwenye mlima ukiwa na AC inakuwa nzito kidogo, mtazoea.

Shida kujaza jamani!! Vituo ni vya kuhesabu na bajaji zote za mjini zinavijua, mara ya kwanza nilifika saa 11 jioni nikatoka saa 3 usiku. Siku hizi naweka alamu saa 9 usiku, nakuta foleni imeshajipanga, madereva wa taksi za mtandao wamelaza siti wanakoroma, tunaamshana kusogea. Zamu ikifika mnashuka wote, boneti juu, jamaa anachomeka mpira, unavumaa, dakika tano kwisha. Masaa mawili kwa dakika tano.

Na buti ndo basi tena, gunia la mkaa linapanda siti ya nyuma kama abiria, wife hajanisamehe mpaka leo.

Gereji naipa nyota nne, moja nimekata sababu boliti za mtungi zililegea baada ya mwezi, kila tuta nasikia goko goko, wakakaza bure ila hata pole hawakusema.

Dereva wa bajaji au taksi funga hata kesho. Wewe wa kazini na nyumbani unayekaa mbali na kituo, usingizi nao upigie hesabu. Mi mwenyewe Jumamosi nikienda Kariakoo napanda daladala, gesi naibania isije ikanirudisha kwenye foleni kabla ya Jumatatu.